Posho ya asubuhi: kusoma Maombolezo kwenye matanga ya Ngamiani

Siku ya tatu ya msiba, jua halijapanda bado, mama mmoja wa kanisani alikuja kukaa na shangazi yangu chumbani. Tulikuwa Ngamiani, Tanga mjini, wanawake ndani juu ya mikeka, wanaume nje chini ya turubai. Kijana wa shangazi, binamu yangu, alikuwa amefariki kwa ajali ya bodaboda. Yule mama akafungua Biblia, akasoma taratibu, kwa nia njema kabisa: "Ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi. Uaminifu wako ni mkuu."

Shangazi alikuwa amelala kwa ubavu, kanga imemfunika mpaka kidevuni. Hakuinua kichwa. Akasema, "Asubuhi? Mie asubuhi ndo naamka nakumbuka hayupo. Asubuhi ndo anakufa tena."

Hakuna aliyejibu. Mtu akamimina chai ya tangawizi, vikombe vikazunguka, na mazungumzo yakahamia kwenye hesabu ya sufuria za kuazima. Lakini maneno ya shangazi hayakunitoka. Aya ile nilikuwa nadhani naijua. Nimeiona kwenye kalenda za ukutani, kwenye vioo vya daladala, kwenye kadi za harusi. Nilikuwa sijawahi kuisoma mahali inapokaa, yaani katikati ya kitabu ambacho karibu chote ni kilio. Nilipoisoma hapo niliona kwamba shangazi yangu, bila kukusudia, alikuwa karibu na mwandishi wake kuliko sisi tuliokuwa tunamfariji.

Wanaposema Biblia inatoa tumaini uhamishoni na katika majonzi, wengi huelewa kwamba kuna kilio, kisha linakuja tumaini, na kilio kinanyamaza. Ukifuata maandiko yenyewe mambo hayaendi hivyo. Kilio na tumaini vinatoka kinywa kimoja, mara nyingi katika pumzi moja, na huruma ya Mungu haiji kama amri ya kufuta machozi. Fundo hilo ndilo nataka kulifungua, na itabidi tuanzie kwenye historia.

Lugha yetu imetutangulia kidogo. Tanga ni la chombo, ndilo linalokamata upepo. Kutanga ni kwenda huku na huko usipate pa kutulia. Matanga ni kule kukaa msibani. Kama maneno haya ni ndugu wa damu au wanafanana sura tu, si kazi ya makala haya. Ila kwa watu wa Yuda wa karne ya sita kabla ya Kristo, kutanga na matanga vilikuwa kitu kimoja.

Mwaka 597 KK mfalme Nebukadreza wa Babeli aliuteka Yerusalemu kwa mara ya kwanza. Mfalme wa Yuda, Yehoyakini, alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, na alikuwa ametawala miezi mitatu tu. Alichukuliwa yeye, mama yake, wakuu wake, mafundi na wahunzi. Miaka kama kumi baadaye Sedekia, aliyewekwa kushika nafasi yake, aliasi. Mji ukazingirwa, njaa ikaingia, ukuta ukabomolewa, na hekalu likachomwa moto, mwaka 587 au 586 KK kutegemea unavyohesabu. Wana wa Sedekia waliuawa mbele ya macho yake, kisha akatobolewa macho yenyewe, kwa hiyo kitu cha mwisho alichokiona duniani ni watoto wake wakifa. Sura ya mwisho ya Yeremia inataja idadi ya waliohamishwa kwa awamu tatu: 3,023, halafu 832, halafu 745, jumla 4,600. Kitabu cha Wafalme kinataja 10,000 kwa awamu ya kwanza peke yake. Hesabu haziendi sawa, na wala hakuna hesabu ya waliobaki nyuma kwenye magofu. Walikuwa maskini wa nchi, watu ambao hakuna aliyeona faida ya kuwachukua.

Hao waliobaki ndio wanaosikika katika Maombolezo. Mapokeo yanasema mwandishi ni Yeremia, lakini maandishi ya Kiebrania hayataji jina la mtu. Kitabu kinaanza na neno moja, "eikha", ambalo Biblia yetu inalitafsiri "jinsi". Jinsi mji ukaavyo ukiwa, ule uliokuwa umejaa watu. Si swali, wala si maelezo. Ndiyo ile sauti mtu anayoitoa akiingia nyumba ya msiba na kukuta kiti hakina mtu.

Sasa tazama ufundi wake, maana hapa Mswahili ana jicho ambalo wengine hawana. Kitabu kina sura tano, na kila moja ni shairi. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22. Sura ya kwanza, ya pili na ya nne zina aya 22 kila moja, na kila aya inaanza na herufi yake kwa mpangilio: alefu, bethi, gimeli, mpaka tau. Washairi wa kale wa pwani yetu nao walikuwa na mtindo wa namna hiyo, beti zikianza alifu, be, te, mpaka ye. Anayejua vina na mizani anajua kwamba utungo wa aina hii hautoki kwa mtu anayeropoka. Mtu aliketi. Mji wake umeungua, naye anatafuta neno linaloanza na herufi ya kumi na sita.

Kwa nini ajibane hivyo? Wasomi wana majibu mengi, na linalonishawishi mimi ni jepesi: alitaka kulia kuanzia mwanzo hadi mwisho wa herufi, asiache hata moja. Kilio kisichokuwa na mpaka humeza mtu, na alfabeti ikampa mpaka. Ni kama matanga yetu. Msiba hauishi siku ya tatu, kila mtu anajua, lakini siku ya tatu ipo, na arobaini ipo, ili mfiwa awe na mahali pa kushika.

Sura ya tatu, iliyo katikati, imekazwa mara tatu. Ina aya 66, na kila herufi imepewa aya tatu mfululizo. Hapo ndipo aya ya asubuhi inapokaa, namba 22 na 23, sio mwishoni. Anayezungumza anajitambulisha kuwa ni mtu aliyeona mateso, na kabla ya kufika kwenye rehema anasema mambo ambayo sijawahi kuyasikia mimbarini. Mungu amemwotea kama dubu. Mungu amemfanya shabaha ya mishale. Nikilia na kuomba msaada, anasema, huyapinga maombi yangu. Amenivunja meno kwa changarawe. Kufikia aya ya 18 anatamka wazi kwamba tumaini lake kwa BWANA limepotea.

Halafu, aya ya 21, anasema anajikumbusha jambo. Anajikumbusha. Hajaona ishara, hajapata ndoto, hali yake haijabadilika hata kidogo tangu aya iliyopita. Anaingiza mkono kwenye kumbukumbu kama mtu anayepapasa gizani akitafuta kiberiti anachojua alikiweka mahali. Anachokipata ni kwamba rehema hazikomi. Na ukisoma kwa makini, ushahidi wake ni mdogo mno: "kwamba hatuangamii". Bado tupo, basi.

Baada ya aya chache za utulivu, analia tena. Aya ya 44 anamwambia Mungu kwamba amejifunika kwa wingu ili maombi yasipite. Kumbe aya ya asubuhi haikumaliza chochote. Mtu aliyesema rehema ni mpya kila siku ndiye huyohuyo anayesema mawingu yamezuia maombi, na hakuona sababu ya kufuta mojawapo. Katikati ya hayo kuna neno dogo linalonigusa kuliko yote, aya ya 29: na atie kinywa chake mavumbini, "yamkini likawapo tumaini". Yamkini, huenda. Hatujazoea kuliona neno hilo kwenye vitambaa vya kanisani.

Nimesema rehema, na neno hili lina siri ambayo msomaji wa Kiswahili anaibeba bila kujua. Tumelichukua kutoka Kiarabu, na shina lake la herufi tatu, r-h-m, ni lilelile la Kiebrania. Kwa Kiarabu, rahim ni tumbo la uzazi la mwanamke. Kwa Kiebrania, rehemu ni hilohilo, na rahamimu, neno lililotumika katika aya yetu, ni huruma. Kwa hiyo yule anayesali kwa Mola Mwingi wa Rehema msikitini, na yule anayesoma "rehema zake hazikomi" kanisani barabara ya pili, wote wanagusa neno lenye tumbo la mama ndani yake. Na wasichana wote wanaoitwa Rehema katika mji huu, nao wengi, wamepewa jina hilohilo.

Ndiyo maana Isaya, akizungumza na haohao waliohamishwa, anauliza: mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, asimhurumie mwana wa tumbo lake? Kisha anafanya jambo la ajabu, anakubali kwamba ndiyo, inawezekana, "lakini mimi sitakusahau wewe." Huruma ya namna hii si ya mkubwa anayemwonea mdogo imani kutoka juu. Ni ya aliyebeba, na mwili wake umeshikamana na mwili wa mwenzake. Ukiwa mwanamke aliyezika mtoto aliyemzaa, neno hilo linakufikia kwa namna nyingine kabisa. Sikumwambia shangazi haya siku ile, na nashukuru sikumwambia. Msibani si darasani.

Kwenye sura hiyohiyo ya tatu, aya ya 33, mwandishi anasema Mungu hapendi kuwatesa wanadamu, na katika Kiebrania kuna neno moyo: hatesi kutoka moyoni mwake. Hapa pana fundo jingine, tena gumu, na siwezi kuliruka. Maandiko yanasema uhamisho ulikuwa adhabu. Maombolezo yenyewe yanakiri dhambi. Basi je, mfiwa aambiwe kwamba msiba wake ni adhabu? Wapo wanaosema hivyo, na wanashika aya hizi kama rungu. Ila kitabu hakiwasaidii. Mwombolezaji anakiri kosa la taifa lililomfanyia Mungu ukaidi kwa vizazi, na papo hapo anapinga kipimo cha adhabu. Sura ya pili anataja watoto wanaozimia kwa njaa kwenye pembe za njia, kisha anamwambia BWANA atazame aone amemtenda nani haya. Hakuna mahali anapotafuta dhambi ya mtoto. Rafiki zake Ayubu waliitafuta kwa Ayubu, na mwisho wa kitabu Mungu anawaambia kuwa wao ndio waliosema vibaya.

Sasa twende Babeli, kwa wale waliochukuliwa. Zaburi ya 137 inawaonyesha wameketi kando ya mito, vinubi vimetundikwa mitini, na walinzi wao wanawadai wimbo wa nyumbani kwa ajili ya burudani. Wanauliza wataimbaje wimbo wa BWANA katika nchi ya ugeni. Zaburi hiyo inaishia kwa laana ya kutisha juu ya watoto wa Babeli, na makanisa mengi huikata kabla ya kufika hapo. Mimi naona bora isomwe yote. Aliyeiandika hakwenda kumpiga mtoto wa mtu. Alipeleka chuki yake mbele ya Mungu na kuiacha pale, na hiyo nayo ni namna ya kuomba, hata kama inatutia kichefuchefu.

Barua ya Yeremia, sura ya 29, inaelekezwa kwa watu hawa. Ndiyo yenye aya maarufu kuliko zote kwenye mahafali ya shule: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Mhitimu anapewa aya hiyo kwenye kadi, na anaelewa kwamba ajira inakuja. Lakini sura moja nyuma kuna nabii aitwaye Hanania. Yeye alisimama hekaluni akasema ndani ya miaka miwili Yehoyakini na vyombo vyote vya hekalu vitarudi. Akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, na bila shaka watu walishangilia. Miaka miwili ni habari njema. Yeremia akajibu, kwa kejeli au kwa uchungu, amina, BWANA na afanye hivyo. Kisha akaandika barua yake: miaka sabini. Maana yake, ninyi mnaosoma barua hii, wengi wenu mtazikwa huko.

Na ndani ya barua hiyo ya kukatisha tamaa yamo mawazo ya amani. Jengeni nyumba mkakae ndani yake. Kapandeni bustani mkale matunda yake. Oeni, zaeni. Kautakieni amani mji ule mliohamishiwa.

Niliwahi kuisikia barua hii ikisomwa na mtu aliyeielewa kwa mwili wake. Babu yangu, baba yake huyu shangazi, alikuja Tanga mwishoni mwa miaka ya 1940 kutoka Kasulu, kuwa manamba kwenye shamba la mkonge. Manamba ni namba: mtu anakuwa tarakimu kwenye kipande, kadi yenye vyumba thelathini, na kila siku ya kazi chumba kimoja kinajazwa. Mkonge wenyewe nao ni mhamishwa. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, na katika miche elfu moja iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai. Babu aliaga kwao akisema miaka miwili tu. Hanania wake alikuwa yeye mwenyewe.

Miaka miwili ikawa mitano, ikawa kumi. Alihama kambini akapata kipande cha ardhi upande wa Muheza, na pale jirani yake Mbondei alimshangaa: ana shamba, hana mti. Mahindi alilima, muhogo alilima, vitu vya msimu. Mti hapana, maana kupanda mti ni kukiri kwamba utakuwepo ukizaa. Bibi alisimulia kwamba mwaka babu alipopokea habari ya kifo cha mama yake, tena miezi mitatu baada ya maziko, alikaa ndani siku nne. Siku ya tano alitoka akaenda kwa yule jirani kuomba miche ya michungwa. Alipanda kumi na minane. Hakufurahi. Bibi alisisitiza hilo kila aliposimulia: alichimba mashimo huku analia. Baadaye, alipokuwa mzee wa kanisa, alipenda kuisoma barua ya Yeremia kutoka kwenye Biblia yake nyeusi ya tafsiri ya 1952, na akifika kwenye bustani alikuwa akisita kidogo, anameza mate, ndipo anaendelea.

Na kule Babeli walipanda kweli, hilo tunalijua kwa ushahidi wa nje ya Biblia. Vibao vya udongo vimepatikana vinavyotaja mahali paitwapo Al-Yahudu, yaani mji wa Yuda, hukohuko Babeli. Vina watu wenye majina ya Kiyahudi wanaokopeshana, wanaokodi mashamba, wanaolipa kodi. Cha zamani zaidi ni cha mwaka 572 KK, miaka kama kumi na mitano baada ya hekalu kuungua. Mtu alikuwa tayari anaandikishiana mkataba wa shayiri. Koreshi wa Uajemi alipoiteka Babeli mwaka 539 KK na kuruhusu watu warudi, wengi hawakurudi. Bustani zilikuwa zimeshazaa.

Vibao vingine vinamrudisha kwetu yule mfalme kijana. Vilifukuliwa Babeli kwenyewe, na ni orodha ya wanaogawiwa mafuta kutoka ghala la mfalme. Humo ametajwa Yehoyakini mfalme wa Yuda, pamoja na wanawe watano. Kitabu cha Wafalme, baada ya moto na damu yote ile, kinaishia kwake pia: katika mwaka wa thelathini na saba wa kuhamishwa kwake alitolewa gerezani, akabadilishiwa mavazi, akawa anapewa posho, sehemu ya kila siku kwa siku yake, siku zote za maisha yake. Mwisho wa kitabu. Hakuna kiti cha enzi kilichorudi. Ni posho tu.

Kila manamba wa Tanga alijua posho ni nini. Ni unga na maharage ya kukufikisha mgawo ujao, si ya kujenga ghala. Nafikiri hapo ndipo aya ya asubuhi inapofunguka. "Mpya kila siku asubuhi" tumeisoma kama ahadi kwamba asubuhi utaamka na furaha. Mwandishi aliyevunjwa meno kwa changarawe hakuwa na asubuhi za namna hiyo. Alichosema ni kwamba rehema inakuja kwa kipimo cha siku, kama mana jangwani, ambayo ukiihifadhi hadi kesho inaoza. Ya jana imekwisha, na ya kesho hajapewa. Shangazi alikuwa sahihi kuwa kila asubuhi mwanawe anakufa upya. Kama kifo ni kipya kila asubuhi, rehema ya jana haitoshi kwa kifo cha leo. Ni lazima nayo iwe mpya. Aya haimpingi shangazi. Inaanza pale alipoanzia yeye.

Ezekieli, aliyekuwa kuhani miongoni mwa waliohamishwa, aliona maono karibu na mto Kebari, mwaka wa tano wa kuhamishwa kwa Yehoyakini. Wengi hupotelea kwenye viumbe vyenye nyuso nne na kusahau jambo la wazi: kiti cha enzi alichokiona kina magurudumu. Watu walidhani Mungu ana makao Yerusalemu na huko ugenini hayupo. Ezekieli anamwona Mungu kwenye usafiri. Baadaye anaona utukufu ukiondoka hekaluni, ukielekea mashariki, upande walikoelekea mateka. Kwa Kiswahili chetu cha hapa ningesema Mungu naye alitanga.

Lakini kuna majonzi ambayo hata hayo hayatoshi, na Biblia inayaacha yalivyo. Yeremia sura ya 31 anasikia sauti Rama, Raheli akiwalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa, kwa kuwa hawako. Rama palikuwa mahali mateka walipokusanywa wakiwa kwenye minyororo kabla ya kuanza safari, na Yeremia mwenyewe alifunguliwa pingu hapo. Raheli alikuwa amekufa karne nyingi nyuma, na nabii anamsikia analia kaburini. Anamwambia azuie sauti yake isilie, anamwahidi kuwa watoto watarudi, ila hamkemei kwa kukataa faraja. Na mume wake Raheli, Yakobo, alipoletewa kanzu ya Yusufu yenye damu, naye alikataa kufarijiwa. Mwanzo 37 inasema hivyo kwa maneno karibu hayohayo. Mume na mke, wote wawili wakaidi wa faraja. Ukoo huu haukujua kupokea pole.

Jioni ya siku ileile, jirani wa shangazi, bibi wa Kidigo, alikuja baada ya magharibi na kukaa palepale mkekani. Alimkuta mama mwingine akisema, "Usilie sana dada, unamkufuru Mungu." Bi mkubwa akamtazama. "Nabii Yaakubu alilia hata macho yakawa meupe," akasema. "Wanawe wakamlaumu, akawaambia, mie namshitakia Mungu huzuni yangu. Hakuwashitakia nyie." Akamgeukia shangazi. "Lia, mwanangu. Mshitakie."

Sura ya kumi na mbili ya Kurani inasema hivyo kweli, na Yaakubu huyohuyo, ndiye Yakobo wa Biblia, ndiye aliyesema pia juu ya subira iliyo njema. Subira yake ilikuwa na macho yaliyopofuka kwa machozi.

Malalamiko makubwa ya sura ya kwanza ya Maombolezo ni kwamba Sayuni, yaani Yerusalemu, hana mfariji. Yanarudiwa tena na tena kama kiitikio: hakuna wa kumfariji. Hayakujibiwa ndani ya kitabu hicho. Jibu linasikika kwingine, Isaya 40: "Watulizeni mioyo, watulizeni mioyo watu wangu", na kwa Kiebrania ni neno lilelile la kufariji, mara mbili. Kati ya malalamiko na jibu vilipita vizazi. Mtu anayempelekea mfiwa Isaya 40 siku ya tatu amepiga hesabu fupi mno, kama Hanania.

Kitabu cha Maombolezo hakiishii pazuri. Sura ya tano ina aya 22 lakini alfabeti imevunjika, herufi hazifuatani tena, kama mwandishi alichoka kushikilia. Aya ya 21 inaomba: utugeuze kwako, Ee BWANA, uzifanye siku zetu kuwa mpya kama siku za kale. Aya ya 22, ya mwisho kabisa, ni hofu tupu kwamba labda Mungu amewakataa moja kwa moja. Wayahudi, wanapokisoma kila mwaka siku ya tisa ya mwezi wa Abu kukumbuka hekalu lililobomolewa, hawakubali kuinuka na aya hiyo. Wakimaliza ya 22 wanarudi nyuma na kuisoma ya 21 kwa sauti.

Siku ya kuondoa matanga, shangazi aliniita akaniambia nimsomee "kile kitabu cha asubuhi", lakini sio pale, mahali pengine. Nikamsomea sura ya tano yote. Wanawake walikuwa wanakunja mikeka, watoto wanagombania vitumbua vilivyobaki, turubai nje linafunguliwa kamba. Nikafika mwisho, nikanyamaza.

"Ndo kimeisha hapo?"

"Ndiyo, shangazi."

Akafikiri kidogo, kidole kikichezea pindo la kanga. "Hebu rudia ule wa juu yake."

Nikarudia. Akaitikia amina kwa sauti ndogo, akauliza kama zile sufuria za watu zimesharudishwa.